Carl Sagan na santuri ya dhahabu iliyotumwa kwenye nyota

Mbali kuliko kitu chochote kilichowahi kuundwa na mikono ya binadamu, vyombo viwili vya anga vinaendelea na safari isiyo na kituo. Ubavuni mwa kila kimoja imefungwa santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye upana wa sentimita 30. Ndani ya santuri hiyo zimo salamu katika lugha 55, muziki wa mataifa mbalimbali, milio ya viumbe na ya dunia yenyewe, pamoja na picha zaidi ya mia moja. Luganda imo. Wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi, umo pia. Kiswahili hakimo.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Carl Sagan, mwanaastronomia wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1996. Wengi humkumbuka kama mtu aliyeufundisha umma elimu ya anga kupitia televisheni. Hata hivyo, uzi mmoja ulipita katika maisha yake yote, tangu utotoni hadi uzeeni: shauku ya kumwandikia barua mtu asiyemjua, katika zama asizoweza kuzifikia. Na katika kuandika barua hiyo alilazimika kujibu swali gumu kuliko hesabu za sayari, yaani nani ana haki ya kusema kwa niaba ya binadamu wote.

Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo

Carl Edward Sagan alizaliwa Novemba 9, 1934, katika eneo la Brooklyn, jijini New York. Baba yake, Samuel, alikuwa mhamiaji wa Kiyahudi kutoka sehemu ya Dola ya Urusi ambayo leo imo nchini Ukraine, na alijipatia riziki katika kazi za viwanda vya nguo. Mama yake, Rachel, alikuwa mama wa nyumbani. Haikuwa familia ya mali, wala wazazi hao hawakuwa na elimu ya sayansi, lakini walimwachia mtoto wao uhuru wa kuuliza.

Mwaka 1939 wazazi walimpeleka kwenye Maonesho ya Dunia yaliyofanyika New York. Miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa sana hapo ni kasha la madini lililofukiwa ardhini, likiwa limesheheni vifaa vya maisha ya kila siku, maandishi na filamu, kwa ajili ya watu watakaoishi miaka 5,000 baadaye. Wazo kwamba mtu anaweza kuongea na ambao hawajazaliwa lilimwingia mtoto huyo wala halikumtoka tena.

Simulizi nyingine ya utoto wake hupendwa sana na waandishi wa habari zake. Alikwenda maktaba akaomba kitabu kinachohusu nyota. Mhudumu akamletea kitabu chenye picha za nyota wa sinema. Mtoto alieleza tena alichotaka, akapewa kitabu sahihi, na humo akasoma kwamba nyota ni majua yaliyo mbali mno, na kwamba jua letu ni nyota iliyo karibu. Kuanzia siku hiyo ulimwengu ulipanuka mbele ya macho yake.

Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 16, alijiunga na Chuo Kikuu cha Chicago. Huko alipata shahada zake zote, na mwaka 1960 akatunukiwa shahada ya uzamivu chini ya Gerard Kuiper, mmoja wa wanaastronomia wachache wa wakati huo waliojishughulisha na sayari. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za kisayansi hasa. Alieleza kwamba sayari ya Zuhura haina hali ya hewa ya kupendeza kama wengine walivyodhani, bali ni tanuri, kwa kuwa hewa yake nzito ya ukaa hulizuia joto lisitoke. Vipimo vya chombo Mariner 2, kilichoipita sayari hiyo mwezi Desemba 1962, viliafiki kwamba uso wake una joto kali. Kuhusu Mirihi, yeye na mwenzake James Pollack walionesha kwamba madoa yanayobadilika rangi kwa majira si mimea, bali ni vumbi linalohamishwa na upepo.

Juhudi hizo hazikumhakikishia nafasi kila mahali. Alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1960, lakini aliponyimwa ajira ya kudumu alihamia Chuo Kikuu cha Cornell, kwenye mji mdogo wa Ithaca, mwaka 1968. Aliishi na kufanya kazi huko hadi mwisho wa maisha yake, na ni katika chuo hicho ambapo barua zake kwa nyota ziliandikwa.

Kibao cha kwanza

Mwaka 1972 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilikuwa likijiandaa kurusha chombo Pioneer 10 kuelekea sayari ya Mshtarii. Hesabu zilionesha kwamba nguvu ya mvutano ya sayari hiyo ingekisukuma chombo hicho hadi nje ya mfumo wa jua. Kwa mara ya kwanza, kitu kilichotengenezwa duniani kingeondoka bila kurudi. Mwandishi wa habari Eric Burgess alimfikia Sagan na wazo kwamba chombo cha namna hiyo hakifai kuondoka bila ujumbe. Sagan alilipeleka wazo hilo NASA, nao wakalikubali, ila muda uliobaki ulikuwa majuma matatu tu.

Sagan alishirikiana na Frank Drake, mwanaastronomia mwenzake wa Cornell, huku michoro ikitayarishwa na Linda Salzman Sagan, msanii aliyekuwa mke wake. Kilichopatikana ni kibao cha alumini kilichopakwa dhahabu, chenye urefu wa milimita 229 na upana wa milimita 152. Juu yake kulichorwa mwanamume na mwanamke wakiwa uchi, mwanamume ameinua mkono kwa salamu. Pembeni ulichorwa mfumo wa jua, na ramani inayoonesha mahali jua lilipo kwa kulinganisha na nyota 14 zinazotoa mapigo ya redio kwa mpangilio maalumu. Kibao kama hicho kiliwekwa pia kwenye Pioneer 11, kilichorushwa mwaka 1973.

Walengwa wa mchoro huo walikuwa viumbe wasiojulikana, lakini majibu yalitoka kwa binadamu. Wapo waliokasirika kwamba fedha za umma zimetumika kupeleka picha za uchi angani. Wanawake walihoji kwa nini mwanamume ndiye anayesalimu na mwanamke amesimama kimya. Wengine waliziangalia sura zile wakaona zinafanana na za Wazungu, ingawa waandaaji walikuwa wamekusudia sura zisizoelemea kabila lolote. Sagan alijifunza mapema kwamba kioo hiki, kabla ya kufika kwa wageni, hujitazama nacho walio nyumbani.

Mwaka 1974 Drake, kwa mchango wa Sagan na wengine, alituma ujumbe wa redio kutoka kituo cha Arecibo, Puerto Rico, kuelekea kundi la nyota lililo umbali wa takriban miaka 25,000 ya mwanga. Mwaka 1976 Sagan alibuni kibao kingine, safari hii kwa ajili ya setilaiti ya LAGEOS, ambayo inakadiriwa kuanguka duniani baada ya miaka milioni 8.4. Alichora ramani tatu za mabara: yalivyokuwa zamani yakiwa yameshikana, yalivyo sasa, na yatakavyokuwa siku setilaiti itakaporudi. Wapokeaji wa barua hiyo si wageni wa sayari nyingine, bali ni wakazi wa dunia hii hii, iwapo watakuwepo.

Santuri iliyoandaliwa kwa haraka

Kazi kubwa kuliko zote ilimjia kabla ya safari za Voyager, zilizopangwa mwaka 1977. NASA ilimwomba Sagan aunde kamati ya kuandaa ujumbe mpya. Drake alipendekeza kwamba badala ya kibao itumike santuri, kwa kuwa inaweza kubeba sauti na picha pia. Kamati ilikuwa na watu wachache: Sagan mwenyewe kama mwenyekiti, Drake, mwandishi Ann Druyan, mwandishi Timothy Ferris, msanii Jon Lomberg, na Linda Salzman Sagan. Walikuwa na muda usiotimia miezi sita kuchagua mambo yatakayodumu kwa mamilioni ya miaka.

Ufundi wenyewe ulihitaji akili nyingi. Santuri iliundwa izunguke mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, nusu ya kasi ya santuri za kawaida za wakati huo, ili iweze kubeba muziki wa dakika 90. Sindano ya kuichezea iliwekwa ndani ya chombo. Kwenye kifuniko cha alumini kulichorwa maelekezo ya kuitumia, pamoja na ile ramani ya nyota 14. Kifuniko hicho kilipakwa pia kiasi kidogo cha madini ya urani, ambayo hupungua kwa mwendo unaojulikana, ili atakayeiokota aweze kukokotoa umri wake. Ni kama mtu aliyeandika tarehe juu ya bahasha kwa wino usiohitaji kalenda.

Muziki ulizua mabishano marefu. Hatimaye vilichaguliwa vipande 27. Vilikuwamo filimbi ya Japani, gamelani ya Java, uimbaji wa Wahindi wa Navajo, raga ya India, na gitaa la Chuck Berry, ambalo baadhi ya watu waliliona halistahili heshima hiyo. Picha zilizochaguliwa zilionesha maumbile, mwili wa binadamu, vyakula, majengo, wanyama na kazi. NASA ilikataa picha ya mwanamume na mwanamke mjamzito wakiwa uchi, ikiogopa malalamiko kama yale ya kibao cha Pioneer. Umbo lao lilipelekwa kama kivuli tu. Kwa upande mwingine, yaliwekwa majina ya baadhi ya wajumbe wa Bunge la Marekani, jambo linaloonesha kwamba hata barua ya nyota hupitia ofisini.

Kamati iliamua pia kuacha nje vita, maradhi, ufukara na alama za dini. Uamuzi huo ulieleweka, kwa kuwa mgeni asiyetujua angeweza kuona picha ya bomu kuwa ni tishio. Lakini ulikuwa na gharama yake. Mwaka huo wa 1977 Uganda ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, na nchini Zaire vilipiganwa vita vya jimbo la Shaba. Dunia iliyomo ndani ya santuri haina habari hizo. Ni dunia iliyonawa uso kabla ya kupigwa picha.

Katika siku hizo za pilikapilika Sagan na Ann Druyan walipendana. Mwezi Juni 1977 Druyan alilala hospitalini kwa muda wa saa moja huku mapigo ya ubongo wake yakirekodiwa, akiwaza historia ya dunia, na pia akiwaza mapenzi yaliyokuwa yamemfika siku chache kabla. Kumbukumbu hiyo ilifupishwa ikawa kama dakika moja, ikatiwa ndani ya santuri. Furaha hiyo ilikuwa na upande wake wa uchungu, kwani Sagan alikuwa bado mume wa Linda, aliyekuwa akishughulikia salamu za santuri hiyo hiyo. Ndoa hiyo, iliyokuwa ya pili kwake, ilivunjika, na mwaka 1981 Sagan alimwoa Druyan.

Sauti za Afrika

Namna salamu zilivyopatikana inaeleza mengi. Mwanzoni kamati iliwaendea wajumbe wa Umoja wa Mataifa, lakini wengi wao walisoma hotuba. Ndipo wakageukia watu waliokuwa karibu, hasa katika Chuo Kikuu cha Cornell, wakiwemo walimu na wanafunzi waliotoka nchi mbalimbali. Kila mmoja aliingia chumbani, akasema maneno machache kwa lugha yake, akatoka. Salamu ya Kiingereza ilisemwa na mwana wa Sagan aliyekuwa na umri wa miaka sita.

Kwa njia hiyo zilipatikana lugha 55. Imo lugha ya Wasumeri, ambayo haina mzungumzaji hata mmoja kwa maelfu ya miaka. Kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara zimo Luganda, Kinyanja, Kiila cha Zambia, Kisotho na Kinguni. Hazimo Kihausa, Kiyoruba wala Kiamhari. Kiswahili, kilichokuwa tayari lugha ya taifa ya Tanzania, kikisikika sokoni, bandarini na redioni kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi mashariki ya Zaire, hakikupata nafasi.

Msikilizaji wa Kiswahili hapa Uganda anaweza kuipokea habari hiyo kwa tabasamu. Kwa kawaida yeye ndiye mwenye lugha ya majirani, lugha ya soko na ya safari, isiyo ya nyumbani kwa wengi waliomzunguka. Angani mambo ni vivyo hivyo: Luganda imekaribishwa sebuleni, naye amebaki barazani. Lakini ni vyema kuona kwamba orodha ile haikupimwa kwa idadi ya wasemaji wala kwa uzito wa fasihi. Ilitegemea sana nani yuko karibu, nani amealikwa na nani anapatikana kabla ya siku kwisha. Orodha nyingi za dunia hutengenezwa hivyo, hata zile zinazodai kuwakilisha binadamu wote.

Katika muziki hali haikuwa tofauti. Mtunzi mmoja wa Ujerumani, Bach, alipewa vipande vitatu. Bara zima la Afrika lilipewa viwili. Kimoja ni cha ngoma za Benin. Cha pili ni wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa Ituri, uliorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Colin Turnbull, mtafiti Mwingereza ambaye baadaye aliandika pia kuhusu watu wa Ik walioko kaskazini mashariki mwa Uganda. Huchukua muda usiofika dakika moja. Ni wimbo wa unyago: msichana anapovunja ungo, Wambuti humfanyia sherehe, naye hukaa na wenzake katika banda maalumu ambako wanawake wazima huwafunza nyimbo. Sauti zao hupokezana na kusukana kama vijiti vya mkeka, bila ala yoyote.

Orodha ya santuri inalitaja jina la Turnbull. Wasichana walioimba inawataja kwa kundi lao tu. Hivyo watu waliofika mbali kuliko wote hawana majina katika hati ya safari yao. Nayo nchi waliyoiacha haikupata utulivu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Ituri imekumbwa na vita mara kwa mara, na maelfu ya wakazi wake wamevuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kuja kutafuta hifadhi nchini Uganda. Wengi wa wakimbizi hao wanapokutana na watu wa makabila mengine husemezana kwa Kiswahili, lugha ile ile iliyokosa nafasi katika santuri iliyochukua wimbo wa kwao.

Sauti ya Afrika ya Mashariki inasikika pia kwa namna nyingine. Miongoni mwa picha imo ya Jane Goodall akiwa na sokwe mtu. Huyu ni mtafiti aliyeanza kuwachunguza wanyama hao huko Gombe, Tanzania, mwaka 1960. Miongoni mwa milio imo ya fisi, tembo na sokwe mtu. Mtu anaweza kusema kwamba wanyama walipewa sikio kuliko wasemaji, na hangekuwa amekosea sana.

Nukta moja ya mwanga

Voyager 2 kilirushwa Agosti 20, 1977, na Voyager 1 Septemba 5 mwaka huo huo. Vilipita Mshtarii na Zohali, na Voyager 2 kikaendelea hadi Uranusi na Neptuni. Wakati huo Sagan alikuwa amekwisha kuwa maarufu. Mwaka 1978 alipata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu chake kuhusu chimbuko la akili ya binadamu. Mwaka 1980 kipindi chake cha televisheni, Cosmos, chenye sehemu 13, kilianza kuoneshwa, na baadaye kikatazamwa na mamia ya mamilioni ya watu katika takriban nchi 60.

Umaarufu huo ulimletea pia maadui wa kimyakimya. Baadhi ya wanasayansi waliona kwamba mtu anayeonekana sana kwenye televisheni hawezi kuwa mtafiti wa kweli. Mwaka 1992 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilimkataa asiwe mwanachama. Miaka miwili baadaye kilimpa nishani ya kuhudumia umma. Naye hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1991, visima vya mafuta vya Kuwait vilipochomwa wakati wa vita vya Ghuba, alionya kwamba moshi wake ungevuruga hali ya hewa ya maeneo mapana ya Asia. Hilo halikutokea, na baadaye alikiri waziwazi katika maandishi yake kwamba alikosea.

Onyo lake kubwa zaidi lilihusu silaha za nyuklia. Mwaka 1983 yeye na wenzake wanne walichapisha utafiti uliodai kwamba moshi wa miji inayoteketea ungezuia mwanga wa jua na kuleta baridi kali itakayoua mazao, hata katika nchi zisizopigana. Maana yake ilikuwa nzito kwa mataifa ya kusini: mkulima asiye na ugomvi na yeyote angekufa kwa njaa iliyosababishwa na ugomvi wa wengine. Sagan aliandamana kupinga majaribio ya silaha hizo huko Nevada, na akakamatwa.

Mwaka 1990, Voyager 1 kilipokuwa kimemaliza kazi yake ya sayari, Sagan alifanikiwa kupata ombi alilolisukuma kwa miaka kadhaa: kamera za chombo hicho zigeuzwe nyuma. Baadhi ya wahusika waliona hakuna faida ya kisayansi. Februari 14, kutoka umbali wa takriban kilomita bilioni sita, dunia ilipigwa picha. Ilionekana kama nukta iliyopauka katikati ya mwale wa mwanga, ndogo kuliko punje moja ya picha. Katika nukta hiyo hakuna mpaka unaoonekana, wala lugha kubwa na ndogo. Baada ya kupeleka picha zaidi ya mia kwa wageni, Sagan aliwaletea wenyeji picha moja tu, na hiyo ndiyo iliyosambaa kuliko zote.

Mwisho wa safari yake

Katika miaka yake ya mwisho Sagan aliugua maradhi ya uboho, yaani kiini cha mifupa kinachotengeneza damu. Dada yake alimtolea uboho, akapandikizwa mara tatu. Desemba 20, 1996, alifariki kwa homa ya mapafu katika kituo cha matibabu cha Seattle, akiwa na umri wa miaka 62. Alizikwa Ithaca. Aliacha mjane, Ann Druyan, na watoto watano. Julai 1997, chombo Pathfinder kilipotua juu ya Mirihi, kituo chake kilipewa jina la Sagan kwa kumbukumbu.

Vyombo vya Voyager havikusimama. Voyager 1 kilivuka mpaka wa pepo za jua Agosti 2012, na Voyager 2 Novemba 2018. Voyager 1 kimepita umbali wa kilomita bilioni 24, na ujumbe wake wa redio huchukua zaidi ya saa 22 kufika duniani. Nguvu zake za umeme hupungua mwaka hadi mwaka, na wahandisi huzima kifaa kimoja baada ya kingine. Siku itafika ambapo hakitaweza kusema tena. Kuanzia hapo kitabaki kuwa bahasha tu, iliyofungwa santuri ubavuni. Baada ya takriban miaka 40,000 kitapita kwa umbali wa mwaka mmoja na nusu hivi wa mwanga kutoka nyota nyingine, kisha kitaendelea.

Sagan alijua kwamba uwezekano wa santuri hiyo kuokotwa ni mdogo mno, na hakuficha kwamba thamani yake kubwa ni kwa wale wanaoiandaa na kuijadili hapa duniani. Ukiipima kwa kipimo hicho, kazi yake haijakwisha. Orodha ya 1977 haiwezi kurekebishwa. Haina mahali pa kuongeza jina la msichana wa Kimbuti wala neno moja la Kiswahili. Lakini barua nyingine zitaandikwa, kwa sababu vyombo vingine vitarushwa, na siku hiyo kutakuwa tena na chumba, kinasa sauti, na muda usiotosha. Suala litakuwa kama lilivyokuwa Ithaca: ni nani waliomo chumbani.

Kwa sasa, mahali ambapo hakuna hewa ya kubeba sauti, salamu ya Luganda na wimbo wa Ituri vinasafiri pamoja, mtaro kwa mtaro juu ya dhahabu moja, kama majirani wa mpakani.